Neno Lililofukuzwa Chumba cha Upasuaji

Wauguzi walimwita Mama Usingizi, na mwenyewe usingizi alikuwa hana. Alilala jicho moja kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu kwa sababu ule mnyororo wa duka la miwani ulikuwa unanasa kwenye barakoa. Alikuwa daktari wa usingizi wa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Mpasuaji anasimama upande wa tumbo, yeye anakaa upande wa uso, na katikati yao linatundikwa pazia la kijani ili mama asione anavyopasuliwa.

"Nyinyi mnamjua mama kwa tumbo," alipenda kumwambia mpasuaji, "mimi namjua kwa macho."

Hakuanzia huko. Alianza kama muuguzi, miaka tisa ya kubeba mabeseni na kubadilisha mashuka, ndipo akarudi darasani na watu aliowazidi umri, akasoma udaktari, kisha akasomea usingizi juu yake. Siku aliyomaliza, mama yake mzazi alikikagua cheti juu na chini kama mtu anayekagua nguo ya mtumba.

"Miaka yote hiyo, mwanangu, kusomea kulaza watu? Mimi nimewalaza nyinyi sita bila karatasi."

"Mama, hawa wanalala wakikatwa."

"Na nyinyi je? Mlikuwa mnalala mkiwa na njaa. Ipi ngumu?"

Wote walicheka, na yeye alicheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mara nyingi hata hakulaza mtu. Akina mama wengi walidungwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, anakumbatia mto, anaupinda mgongo kama paka, na Mama Usingizi anapapasa mifupa ya uti kwa kidole gumba mpaka apate penyewe. Sindano nyembamba kama unywele inaingia. Baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito, si ya mwenyewe tena. Hapo anachukua kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa, anakigusisha tumboni, juu kidogo, juu tena hadi mbavuni, huku anauliza, "Unasikia?" Mama akijibu kwamba hasikii baridi, kulia na kushoto, mpasuaji anaambiwa aanze.

Unasikia. Neno hilo walilitumia wote mle chumbani, na kwa kila jambo. Unasikia baridi? Unasikia kichefuchefu? Unanisikia ninavyokuita? Haya, msikie mtoto wako analia! Lilikuwa neno la kazi kama mkasi, na hakuna anayekaa chini kumwuliza mkasi maana yake.

Sasa, huyu daktari alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Yeye wa kwanza, yule wa sita, miaka kumi na mitano katikati. Alimbeba mgongoni, akamsuka, akamfundisha kuvuka barabara. Mdogo mtu alikua akawa fundi cherehani, mwenye kushona sare za shule, mpole, mwoga wa sindano za hospitali ingawa za cherehani zilimchoma kila siku. Alipopata mimba ya kwanza alisema neno moja tu: "Dada, kama ni kukatwa, uwe wewe."

Ikawa kukatwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka madirishani. Moyo wa mtoto ulikuwa unashuka kila mama akibanwa na uchungu, na daktari mwenzake wa usingizi alikuwa likizo. Hakuna anayependa kumdunga ndugu yake. Hata hivyo alinawa, akavaa glavu, akampindisha mgongo mdogo wake, akadunga, akamlaza. Akachukua barafu, akagusisha upande wa kulia. Hakuna baridi. Juu zaidi. Hakuna baridi.

"Mama Usingizi, mtoto anachoka huku," mpasuaji aliita. Huyu walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. "Nianze?"

Barafu ilikuwa mkononi bado. Upande wa kushoto ulikuwa haujaguswa. Akautazama ule mstari wa moyo wa mtoto kwenye mashine, ukishuka kama mtu anayeteremka ngazi.

"Anza."

Presha ya mdogo wake ikashuka, jambo la kawaida baada ya sindano ile. Akaongeza maji, akasukuma dawa kwenye dripu, akainama sikioni mwake. "Unanisikia? Mdogo wangu, unanisikia?"

"Nasikia, dada."

"Vizuri sana."

Baada ya kidogo, bila kuulizwa: "Dada, nasikia."

"Vizuri. Niko hapa hapa."

"Nasikia, dada. Nasikia."

Machozi yalimtoka mdogo mtu yakaingia masikioni. Akina mama wengi hulia pale. Mguu wake wa kushoto ukawa unatetemeka, na muuguzi akaushika, kwa sababu wengi hutetemeka pia. Mama Usingizi akamfuta machozi kwa pamba, akamtabasamia, na kwa kuwa barakoa ilifunika mdomo alitabasamu kwa macho, sana, ili aonekane. Mdogo mtu akamtazama. Kisha akafumba macho, hakusema tena mpaka mtoto wa kike alipotolewa na kulia, na hata hapo hakusema.

Wiki zikapita. Mdogo mtu hakupiga simu. Akipigiwa, mtoto analia, au ana sare za watu. Mama Usingizi alijua kwamba wazazi wapya huingiwa na huzuni, akampa nafasi. Miezi mitatu baadaye familia ilikutana kwa mama yao Jumapili, wamekula, wamejaa, wanaume wamelegeza mikanda, na yeye akaanza kusimulia kama anavyosimulia, kwa mikono.

"Huyu mwoga wetu! Siku ile alikuwa jasiri nyinyi hamjaona. Kila nikigeuka: nasikia dada, nasikia dada! Kama mwanafunzi anayeitika majina!"

Wakacheka. Kaka yao akaiga, "Nasikia, mwalimu!" wakacheka tena.

Mdogo mtu alikuwa anakunja nepi. Aliikunja ile aliyokuwa nayo, akailaza juu ya nyingine, akasema bila kupandisha sauti:

"Nilikuwa nasikia kisu."

Kicheko kilikatika kama uzi.

"Unasemaje?" mama yao aliuliza.

"Upande wa kushoto wote. Nilimwambia. Nilimwambia, na kumwambia."

Mama Usingizi alisimama, akaketi, akasimama. "Mdogo wangu, mimi nilidhani unani... nilikuuliza kama unanisikia mimi. Nilidhani unanijibu."

"Najua ulidhani."

"Mbona basi hukupiga kelele?" aliuliza kaka, na hakuuliza kwa ubaya. "Mtu anakatwa, si anapiga kelele?"

 Mdogo mtu alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mfuko wa nepi, akamuaga mama yake peke yake. Mlango ulifungwa polepole tu, na ile polepole ndiyo iliyouma.

Tangu siku ile hawakugombana hata mara moja, na afadhali wangegombana. Mama Usingizi alikwenda kwake, akaomba radhi kwa magoti, akaomba tena kwa barua, akaomba kupitia kwa shemeji. Kila alipofika alipokewa. "Shikamoo. Karibu, kaa." Anapewa kiti, anapewa chai, kisha cherehani inaanza kulia, trrrrr, na haitulii mpaka aage. Alikuwa anataka vitu viwili tu. Alitaka mdogo wake arudi kuwa wake. Na alitaka kujua kwa nini alinyamaza. Mtu aliyesema mara nne angeweza kusema mara ya tano, naye angeshtuka, angesimamisha kisu, angeongeza dawa. Kwa nini hakusema ya tano? Swali hilo lilimla ndani kwa ndani kama mchwa kwenye fremu ya mlango; nje rangi inang'aa.

"Nyinyi mmenyonya ziwa moja," mama yao alisema siku moja, amechoka nao. "Mwulize."

"Nikimwuliza anashona, mama."

"Basi waulize wengine."

Pengine mama alisema tu ili mambo yaishe. Lakini ndiyo ikawa kazi ya maisha ya binti yake.

Alipeleka ombi kwa wakuu wa hospitali. Alitaka kila mama aliyepasuliwa aulizwe, siku ya tatu, akiwa ametulia, kama aliumia kisu kikiwa kazini, na kama alisema, alimwambia nani, na kwa maneno gani. Chapuchapu alimfuata hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Mama katoka mzima, mtoto mzima. Sasa unakwenda kumwuliza kama aliumia? Si unatafuta kisa?"

"Kisa kipo. Natafuta vingine."

"Watasema ndiyo ili wakufurahishe."

"Ndiyo maana sitauliza mimi."

Aliyeuliza alikuwa mkunga mstaafu, bibi mnene mwenye sauti nzito, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa na aliyeogopwa na nusu nyingine. Wodini wakambatiza Bibi Fomu. Anavuta kiti, anavua viatu, anasema, "Haya mwanangu, mimi si daktari wako, si muuguzi wako, na kusahau ni kazi yangu. Niambie." Aliandika kwa herufi kubwa kama za bango, neno kwa neno, hata mama akitukana aliandika tusi. Juu ya karatasi hakukuwa na jina, ni namba tu. Na Mama Usingizi mwenyewe alitunga kanuni kwamba atakayezisoma karatasi haruhusiwi kumrudia mama kwa alichokisema, wala kumdokezea kwamba anajua. Alisema mama aliyefungua moyo asifuatwefuatwe kitandani na watu wanaotaka kujitetea.

Ilichukua miaka minne. Mchana anakaa vichwani pa akina mama, jioni anapitia karatasi. Akina mama mia nne na kumi na wawili waliulizwa. Hamsini na saba waliumia. Wapo walioumia wakasaidiwa papo hapo, na wapo walioona haya wakauma midomo. Lakini walioumia na kusema, na wasieleweke, walikuwa thelathini na wanane. Akapanga maneno waliyoyasema, moja baada ya jingine, kwa mkono wake. Ishirini na watatu katika hao walikuwa wamesema neno moja. Nasikia.

Siku hiyo alivua miwani, akakaa na giza lake mchana kweupe.

Mmoja alikuwa amemwambia Bibi Fomu hivi: "Waliniambia mapema nitasikia kuguswa ila sitasikia maumivu. Nikasema nasikia. Wakasema ndiyo, utasikia. Nikajiuliza, kumbe ndivyo inavyotakiwa?"

Mambo yakabadilika, si kwa siku moja. Barafu sasa ilikwenda kulia na kushoto, hata mtoto awe anachoka namna gani, kwa sababu alipima kwa saa akaonyesha kwamba upande wa pili unachukua muda wa pumzi nne. Mama alifundishwa kabla ya kuingia aseme "inauma" au "haiumi". Na neno lile likafukuzwa. Ukutani, juu ya beseni la kunawia, ukatundikwa ubao: HAPA HATUSIKII. TUNAULIZA: INAUMA? Wageni walidhani ni chumba cha viziwi. Muuguzi akiteleza kulisema, wenzake wanamrukia, "Toka nje nalo!" Wakambadilishia Mama Usingizi jina kwa muda, wakamwita Daktari wa Sarufi, na Chapuchapu alijifanya hawezi tena kusema lolote. "Nimesi... nime... nimepokea kwa masikio." Lakini mkono wake alijifunza kuusimamisha. Mama akisema "inauma", kisu kinasimama, hata sentensi haijaisha.

Alialikwa kuyasema hayo kwenye mkutano wa madaktari. Ukumbi ulikuwa na viti vya mahameli, na mwanzoni watu walicheka, maana ilichekesha. Daktari mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Kwa hiyo mwenzetu, tatizo ni lugha?"

"Tatizo si lugha," alisema. "Lugha ilisema. Sisi tulijijibu wenyewe."

 Mwingine, kijana, akauliza kwa heshima, "Ulianzaje, daktari? Kuna mgonjwa aliyekufanya uanze?"

Akanywa maji. Akanywa tena. Kisa cha kwanza hakikuwa kwenye hesabu, kwa sababu mwenye kisa hakuwahi kuulizwa na Bibi Fomu, na alipoulizwa na ndugu zake hakujibu. "Yupo," akasema, akashuka.

Ndipo mwaka huu mama yao akapiga simu. "Mdogo wako ana mimba ya miezi saba. Na anasema huko kwenu hakanyagi. Anasema atazaa kwa mkunga wa mtaani, wa kule nyuma ya mashine ya kusaga."

Mama Usingizi alikaa chini pale alipokuwa, juu ya boksi la glavu, likabonyea. Mwenye kovu la upasuaji hajifungui mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Kovu likiachia, dakika ni chache. Aliwahi kuona. Hakutaka kukumbuka aliowaona.

Alikwenda siku ile ile. Yule binti wa kwanza, sasa ana miaka sita na pengo mbele, alimfungulia. "Shikamoo mama mkubwa! Mama, mama mkubwa amekuja, na hajaleta kitu!"

"Marahaba. Nimesahau, mwanangu."

"Kila mtu mzima anasahau," mtoto akasema, akaenda kucheza nje.

Mdogo mtu alikuwa kwenye cherehani, tumbo limemsogeza mbali na meza, anashona kola kwa mikono iliyonyooka. "Karibu. Kaa." Mguu ukawa tayari kwenye pedali.

"Usishone," Mama Usingizi alisema. "Leo tu. Sikuja kuomba radhi."

Mguu ukabaki pale pale, haukukanyaga.

"Mmebadilisha nini?" mdogo mtu aliuliza. Kumbe alikuwa amesikia habari.

Akamweleza yote. Barafu pande zote mbili. Maneno. Ubao. Kisu kinavyosimama. Hakutaja mkutano wala makofi. Mdogo mtu alisikiliza huku anachomoa uzi mmoja mmoja kwenye kola iliyokosewa.

"Na nani atakaa kichwani kwangu?"

"Unayemtaka."

"Sikutaki wewe."

 Kwa miaka sita Mama Usingizi alikuwa ameiota siku hiyo. Ndotoni anakaa pale, anafanya kila kitu sawasawa, na mdogo wake anaona. "Basi si mimi," akasema. "Kuna mwenzangu, nilimfundisha mwenyewe. Mrefu, wanamwita hivyohivyo Mrefu. Ana mkono mwepesi kuliko wangu."

"Na wewe usiingie. Hata kuchungulia."

"Sitachungulia."

"Basi nitakuja," mdogo mtu akasema. "Kwa ajili ya mtoto." Na akakanyaga pedali.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mama Usingizi alikuja na nguo za nyumbani makusudi, kwa sababu angevaa za kazi mtu angemwita ndani kwa mazoea. Akakaa kwenye benchi la korido pamoja na mama yao. Mlango ule ulikuwa mzito, wa chuma, na miaka yote hakuwahi kujua kwamba upande wa nje mtu hapati hata mlio wa mashine. Alijua tu mpangilio. Sasa anapinda mgongo. Sasa amelazwa. Sasa barafu. Akahesabu, akafika mahali ambapo kisu kilipaswa kuwa kimeanza na vishindo vya magurudumu ya kitanda cha mtoto vije, na havikuja. Dakika nne zaidi. Tano.

"Vipi?" mama yao aliuliza. "Mganga hajigangi, lakini ana rangi gani huyo usoni?"

"Wanachelewa, mama."

"Kuchelewa ni vibaya?"

 Ndipo Chapuchapu akatoka, barakoa shingoni, jasho kwapani, anacheka.

"Wa kiume! Ana mapafu ya mpiga debe." Kisha akainama kwake, sauti ikashuka. "Upande wa kushoto ulichelewa tena kufa ganzi. Barafu ikatuambia, tukangoja. Nikaanza, akasema inauma kidogo. Nikasimama. Mrefu akaongeza dawa, tukangoja tena mpaka mwenyewe akasema haya. Hakuumia zaidi ya pale, Mama Usingizi. Ameulizwa mpaka akatuambia tunyamaze."

Mama yao alipiga vigelegele, wauguzi wakaitikia. Mama Usingizi alishika ukingo wa benchi. Dakika tano, basi. Dakika tano tu ndizo zilizokuwa zinatakiwa siku ile ya jua madirishani.

Siku ya nne baadaye Bibi Fomu alileta karatasi za wiki, saba, amezipanga kama kawaida yake. Hakusema kitu, na Bibi Fomu si mtu wa kutosema kitu. Aliweka, akavaa viatu vizuri, akaondoka.

Ilikuwa karatasi ya sita. Namba tupu juu, jina hakuna. Safari hii mama hakuumia, isipokuwa mara moja, akasema, wakasimama. Chini, palipoandikwa *upasuaji uliotangulia, kama upo*, akina mama wengi huacha wazi. Hapa herufi za bango zilijaa mpaka pembeni, zikapinda na kupanda juu:

"Mara ya kwanza niliumia tangu kukatwa hadi mtoto kutoka. Upande wa kushoto. Nilimwambia daktari wa usingizi mara nne. Alikuwa anatabasamu. Wenzake walikuwa wote pale, mpasuaji, wauguzi, na wanamheshimu sana, mimi mwenyewe niliona wanavyomwita. Nikafikiri, nikipiga kelele watajua amekosea. Watasema hata ndugu yake kamshinda. Amesoma akiwa mtu mzima, kachekwa sana kwa ajili ya kusoma. Nikaona bora niuume mdomo, ni dakika chache. Nilidhani nitaweza kusahau. Sikuweza, na nikamchukia kwa sababu nilifanya kwa ajili yake na yeye hakujua, akanifanya kichekesho. Hilo ndilo. Andika vilevile, bibi."

Akaisoma mara moja. Hakuweza ya pili. Alifungua jedwali, kwa sababu karatasi ikisomwa huingizwa, na akaingiza kila kitu palipo pake: aliumia, alisema, hakueleweka. Kwenye nafasi ya neno alilotumia akaandika nasikia, ishirini na nne sasa. Kulikuwa na nafasi nyingine aliyoiweka yeye tangu mwanzo, *sababu ya kunyamaza*. Wengi walikuwa wamesema hofu, au uchovu, au kuona haya. Hakukuwa na neno la sababu hii. Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka wino ukafanya doa, na alichoandika mwisho ni "heshima", akijua kwamba si lenyewe.

Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa hazijaisha. Alipanda ngazi hadi wodini.

Mdogo mtu alikuwa ameegemea mito, mtoto amelala kifuani, mdomo wazi. Alimwona dada yake mlangoni, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama mshono kutafuta palipoachia.

"Yule bibi ameshakuletea karatasi?"

"Karatasi hazina majina," Mama Usingizi alisema.

"Ndiyo. Aliniambia." Akamsogeza mtoto. "Aliniambia pia kwamba mkisoma hamruhusiwi kusema."

"Haturuhusiwi."

"Nilifurahi aliponiambia hivyo. Nilitaka iandikwe. Sitaki kuizungumza."

Mama Usingizi alikuwa na maneno yamemjaa. Angesema kwamba wangemcheka na wangekoma, kwamba kicheko cha wenzake si kitu, kwamba angekubali kuvuliwa joho mbele ya hospitali nzima, kuliko hilo. Lakini kanuni ilikuwa yake, aliiandika kwa mkono wake, ili mama asifuatwefuatwe kitandani na watu wanaotaka kujitetea. Akakaa kwenye kiti. Mdogo wake hakumwambia akae, wala hakumwambia asikae.

Mtoto aliamka, akanyonya, akalala tena. Jirani wa kitanda cha pili aliwatazama, akauliza kama hao ni mtu na dada yake, maana wamefanana.

"Ndiyo," mdogo mtu alijibu. "Ni daktari wa hapa. Ni mzuri sana kazini."

Alisema hivyo akiwa amegeukia dirishani. Kengele ya kumaliza saa za kutazama wagonjwa ikalia, na Mama Usingizi, aliyekuwa na ruhusa ya kukaa wodi yoyote saa yoyote, akasimama, akaaga, akatoka pamoja na wageni wengine.